Maswali ya wasomaji: Plagi namba ngapi kwa Datsun niliyoichonga?

SWALI: Fundi habari. Nina Datsun 160J ya 1978, niliachiwa na baba, injini ni L16. Mwaka jana niliifungua yote. Bloku imechongwa ikapokea pistoni za 84 mm, hedi imepigwa skimu, fundi akapiga hesabu akasema kompresheni sasa ni kama 10 kwa 1. Kamshafti ni ile ya kukimbia kidogo, kabureta ni Weber 40 DCOE mbili, pointi nimetoa nikaweka ya elektroniki. Sasa plagi ndo zimenishinda. Jirani mwenye 160J kama yangu aliniambia weka namba 5 utakaa poa, dukani nikapata Bosch W5DC nikafunga. Hapa Nakuru mjini inamisi, ikikaa kwa jamu plagi zinatoka nyeusi tii, lakini nikiifungulia barabara kubwa inaenda vizuri sana. Fundi anataka niweke iridiamu. Niweke gani, gepu ngapi? Na Disemba nataka kwenda nayo Mombasa.
Mwenye 160J, Nakuru

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Jirani hajakudanganya na mwenye duka pia hajakudanganya, shida iko kwenye namba zenyewe. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume, namba ikishuka ndo baridi inazidi. Jirani alikuwa anaongelea BP5ES ya NGK, ile ni plagi ya moto kiasi. W5DC ya Bosch ukiitafutia mwenzake upande wa NGK unaangukia BP8ES. Yaani umefunga plagi ya baridi hatua tatu kuliko ile uliyoambiwa, plagi ya injini inayokimbia na mguu chini siku nzima, sio ya kusubiri kwa jamu Nakuru. Ukienda dukani beba hii kichwani: BP6ES ya NGK, W7DC ya Bosch, W20EP ya Denso na N9YC ya Champion zote ziko kwenye joto linalokaribiana. Kutoka hapo Denso inahesabu kama NGK, kubwa ni baridi, na Champion inaenda kama Bosch, kubwa ni moto. Mtu akikuambia "weka namba 7" bila kutaja kampuni bado hajakuambia kitu.

Na hili la moto na baridi wengi wanadhani ni ukali wa cheche, sio. Ni jinsi plagi inavyotoa joto lake. Ile kauri nyeupe ya ndani pua yake ikiwa ndefu, joto lina njia ndefu mpaka lifike kwenye chuma cha nje na kwenye hedi, kwa hiyo ncha inabaki na joto, hiyo ndo plagi ya moto. Pua ikiwa fupi joto linatoka haraka, hiyo ni ya baridi. Cheche ni ile ile. Ncha inatakiwa ikae juu ya nyuzi 500 hivi za Selsiasi ili masizi yaungue yenyewe, na isifike 850 hivi, manake hapo inageuka kaa la moto linalowasha petroli kabla cheche haijapiga, na pistoni ya aluminiamu haivumilii hiyo kitu kwa muda mrefu. NGK wenyewe wanasema hatua moja ya namba ni tofauti ya kama nyuzi 70 mpaka 100. Sasa angalia gari yako: mjini zile W5 hazifiki hata 500, masizi yanakaa, umeme unatambaa juu ya masizi badala ya kuruka gepu, ndo inamisi. Barabara kubwa zinapata moto, zinajisafisha, gari inakuwa tamu. Kila kitu ulichoandika kinakubaliana.

Nianze na kilichotoka kiwandani. L16 ya kawaida ni 83 mm kwa 73.7 mm, sisi (cc) 1,595, kompresheni 8.5, yaani mchanganyiko unabanwa mara 8.5, na BP6ES inaitosha kabisa. Ya kwako kwa 84 mm imefika kama sisi 1,634, hiyo nyongeza ni ndogo, haibadilishi plagi. Kilichobadilisha mambo ni kompresheni ya 10 na hizo Weber. Kwa kawaida mtu akipandisha kompresheni hivyo anashuka hatua moja upande wa baridi, anafunga BP7ES. Hatua moja, sio tatu! Najua watu wanapenda kufunga plagi za rali kwa sababu hii ni Datsun, na kweli L16 ndo ilikuwa kwenye 1600 SSS iliyomshindia Edgar Herrmann na Hans Schüller mbio za Safari Rally za 1970, na Shekhar Mehta naye akashinda na 160J mwaka 1979 na 1980. Lakini gari ya Safari inakaa kwenye mzigo masaa kwa masaa, ya kwako inapeleka watoto shule.

Halafu kuna jambo vitabu vya huko Japani na Ulaya havikuandikii. Wewe uko Nakuru, mita 1,800 na kitu juu ya bahari, presha ya hewa hapo ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Hiyo 10 kwa 1 yako inavuta hewa pungufu, presha ndani ya silinda haifiki ile ambayo ingefika Mombasa. Kwa hiyo mimi kwako Nakuru ningefunga BPR6ES na kuendelea na maisha. Hiyo R ni rezista ndani ya plagi, ukishatoa pointi ukaweka elektroniki funga zenye R, kelele za umeme zinasumbua vile vifaa na redio pia. Kisha nunua seti ya pili, BPR7ES, weka kwenye dashibodi, hizo ni za safari ya Disemba.

Manake ukishuka Mombasa hewa inakuwa nzito. Petroli uliyopima Nakuru inakuwa haitoshi kwa ile hewa, mchanganyiko unakuwa mkavu, presha ya silinda inapanda, na joto la huko unalijua. Vitatu vinakuja pamoja. Mimi nimelipia hili somo. Nilikuwa na 1600 iliyoskimiwa hedi, jeti (vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) zimepimwa Nairobi na zimepimwa vizuri, nikaondoka na plagi za namba 5 kwa sababu mjini zilikuwa safi sana. Nimepita Mtito Andei nikaanza kusikia mlio kama misumari inatikiswa ndani ya kopo kila nikikanyaga, nikasema nitaangalia nikifika. Sikufika. Karibu na Voi silinda ya tatu ilitoboka pistoni katikati, tundu la kuingia kidole, na ile plagi nilipoitoa ncha yake haikuwepo, imeyeyuka. Ningesimama pale Mtito nikabadilisha plagi nne na kurudisha taimingi (wakati cheche inapopiga) nyuma digrii mbili tatu, gari ingefika. Sasa hivi kila mtu anayeshuka pwani na gari iliyochongwa namwambia kitu kimoja: plagi hatua moja baridi, jeti kubwa ya petroli namba moja juu (ile ya 115 iende 120 kwa mfano), na masikio yawe wazi kuanzia Emali kwenda chini. Ukirudi Nakuru unarudisha kila kitu, vinginevyo utaniandikia tena plagi nyeusi.

Gepu. Kwa pointi L16 ilikuwa 0.8 mpaka 0.9 mm. Na elektroniki watu wanakimbilia 1.1 kwa sababu koili ina nguvu, lakini kompresheni ikipanda cheche inapata kazi zaidi kuruka umbali ule ule, hewa iliyobanwa inagoma kupitisha umeme. Anza 0.8. Ikienda bila kumisi na mguu chini kabisa gia ya nne, jaribu 0.9, halafu 1.0, siku ikianza kukohoa kwenye mzigo unarudi hatua moja na kuacha hapo. Pima kwa fila geji, kunja ule mkono wa pembeni tu, usiweke bisibisi kwenye ncha ya katikati ukatumia kauri kama egemeo, inapasuka kwa ndani na wewe huoni.

Kuhusu iridiamu, fundi wako hajakosea sana ila amewahi. Iridiamu inayeyuka kwa nyuzi 2,400 na zaidi, ndo maana wanaweza kutengeneza ncha nyembamba ya 0.6 mm isiishe haraka, na ncha nyembamba inahitaji umeme mdogo kuruka. Inasaidia kuwaka asubuhi, inadumu. Lakini haiongezi hosipawa ya kuhisi na makalio, na joto lake ni lile lile, BPR7EIX ni 7 kama BPR7ES. Gari ambayo kabureta bado hazijakaa sawa itachafua iridiamu kama inavyochafua za kawaida, tofauti ni pesa. Maliza jeti kwanza. Na kwa masizi ya mjini angalia jeti za sailensa (gari ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, sio bomba la moshi) za hizo Weber, karibu mwendo wote wa foleni gari inakula kupitia jeti hizo, sio ile kubwa, na watu wanapima kubwa mwaka mzima.

Jambo moja la pistoni kabla sijakuacha: herufi P kwenye BP6ES ni pua inayochomoza ndani ya silinda. Kama hizo pistoni za 84 zina kichwa kilichoinuka, na hedi umeipiga skimu, pua na pistoni zinaweza kusalimiana. Weka kipande cha plastisini ya watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi yake na plagi, zungusha injini kwa mkono mara mbili, fungua, kata ile plastisini upime. Ikibaki chini ya milimita 1.5 mimi sifungi plagi ya P, natafuta isiyochomoza.

Halafu ziulize plagi zenyewe, manake mimi niko mbali na zenyewe ziko ndani. Tembelea mpya kama kilomita 100, kisha panda ule mlima wa kwenda Mau Summit, gia ya tatu, mguu chini, mwendo wa halali, ukiwa umeshaona mbele mahali pa kuegesha salama. Ukiwa bado umekanyaga, kanyaga klachi, zima swichi, bila kuvuta funguo usije ukafunga usukani, na acha gari itelezee pembeni. Usiiache ikae sailensa, ukiiacha unasoma masizi ya sailensa. Kwa L16 plagi ziko upande wa distributa, peupe, hedi ya aluminiamu lakini iache ipoe kidogo usije ukang'oa nyuzi. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu kwenye kauri ni nzuri, ila petroli ya siku hizi isiyo na risasi haipaki rangi sana kama ile ya zamani, kwa hiyo angalia mkono wa pembeni: kuna mahali rangi ya moto inaishia. Ikiishia karibu katikati ya ule mkunjo, joto liko sawa. Ikiwa imefika mpaka kwenye mizizi, plagi ni ya moto sana, ikiwa iko nchani tu ni ya baridi sana. Ukiona vidoa vidogo vinavyong'aa kama chumvi juu ya kauri, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako, usiiwashe tena mpaka umerudisha taimingi nyuma. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au plagi ya baridi. Nyeusi yenye mafuta ni oili, ringi au sili za valvu, hapo usibadilishe namba ya plagi kuficha ugonjwa.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina Volkswagen Kobe ya 1969, injini 1600 tumeipanua ikawa 1776 na hedi nimenunua mpya za kutoka nje. Fundi amefunga plagi za zamani, zile fupi, anasema Kobe zote ni fupi. Gari inakwenda lakini haina raha, na plagi ya silinda namba 3 inatoka nyeupe wengine kahawia.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Kobe ya kiwandani kweli ni fupi, nyuzi za 12.7 mm, ndo B5HS na B6HS za NGK au W8AC ya Bosch. Lakini hedi nyingi za kununua nje zimetobolewa kwa plagi ndefu, 19 mm. Toa plagi moja, ingiza kijiti kwenye tundu upime urefu wa nyuzi za hedi. Ukikuta ni 19 na umefunga fupi, cheche inapiga ndani ya shimo badala ya ndani ya chumba cha moto, ndo maana haina raha, na zile nyuzi zilizobaki wazi zinajaa kaboni, siku ukifunga ndefu zitakwama. Zisafishe kwanza kwa tepu (kile chombo cha kukata nyuzi) iliyopakwa grisi inayonasa uchafu. Kinyume chake ni kibaya zaidi, plagi ndefu kwenye hedi fupi inaweza kugongwa na pistoni, kwa hiyo pima, usiulize mtu.

Namba 3 nyeupe usiihangaikie kwa plagi peke yake. Kwenye Kobe za kabla ya 1971 kile kipoza oili kinakaa ndani ya njia ya upepo unaokwenda kwenye silinda ya 3, inapata hewa kidogo na yenye joto. Volkswagen wenyewe waliijua hii, kwa 1971 wakakihamisha kipoza kikapata njia yake. Ukiwa na 1776 hapo Mombasa, tafuta hausi ya feni ya aina hiyo ya baadaye, na angalia kama mabati yote ya kuongoza upepo yapo, kwa sababu Kobe nyingi zimeshapoteza mawili matatu kwa miaka yote hii. Plagi weka hatua moja baridi kwa zote nne. Usiweke namba 3 peke yake tofauti, siku mwingine akifungua atachanganya.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua plagi Kariakoo bei nusu ya duka la pale kwetu Tanga, boksi la NGK kabisa, lakini baada ya wiki mbili Corolla yangu KE70 inakosa moto. Nitajuaje kama ni feki?
Kijana wa Corolla, Tanga

JIBU: Marahaba kijana wangu. Anza na washa, ile pete ya kwenye nyuzi. Kwenye plagi halisi pete imebanwa, inazunguka lakini haitoki, ukiinamisha plagi ikadondoka yenyewe ujue umeuziwa feki. Angalia ncha ya katikati, inatakiwa iwe katikati kweli na mkono wa pembeni uwe juu yake sawasawa, feki nyingi zimepinda kidogo. Maandishi kwenye kauri yawe makali, ukipitisha kidole chenye petroli yasifutike. Kwenye chuma cha pembe sita kuna herufi za bechi zimegongwa, zisikosekane. Na chukua mita, zile zenye R pima kutoka juu mpaka ncha ya ndani, ya NGK inakupa kama kiloomu 5 hivi, feki mara nyingi inasoma sifuri au haisomi kabisa, hapo hakuna ubishi.

Hili la feki linaniuma, manake kwenye gari ya kawaida unapoteza siku, kwenye injini iliyochongwa ile namba iliyoandikwa juu ni uongo, imeandikwa 7 ndani ni kitu kisichojulikana, unatoboa pistoni kwa kuokoa elfu chache. Bei ikiwa nusu, muulize muuzaji akuruhusu ufungue boksi na kuangalia washa hapo hapo mezani kwake. Akikataa, toka.

SWALI: Fundi, nina Mini 1275, plagi zikichafuka fundi wangu anazichoma kwenye jiko la gesi halafu anazisugua na brashi ya waya. Ni sawa?
Dada wa Mini, Nairobi

JIBU: Hapana dada yangu, zima hilo jiko. Kuichoma upande mmoja kunaweza kupasua kauri, na brashi ya chuma inaacha mistari ya chuma juu ya kauri, umeme unapata njia ya kupita bila kuruka, unarudi kumisi ukiwa na plagi inayong'aa. Masizi makavu yaoshe kwa dawa ya kusafisha kabureta na mswaki wa kawaida, puliza kwa upepo, acha zikauke, rudisha gepu. Za oili au zilizopita kilomita 15,000 kwenye injini iliyoguswa, tupa, plagi ya kawaida ya nikeli ni kitu cha kuisha. Ukifunga mpya, zungusha kwa vidole mpaka pete iguse, halafu nusu ya mzunguko mpaka theluthi mbili kwa spana. Zile ulizoosha na kurudisha pete imeshabanwa, ni moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu, kama mkono wa saa ukitoka saa moja kwenda saa mbili.